California, Texas au New York: uchague mkutubi mkuu wa jimbo lipi kwa tasnifu yako?

"Shikamoo kaka, supavaiza kanikatalia taito tena, kasema 'maktaba za Marekani' ni bahari, nichague jimbo moja na ofisi moja, sasa nichague lipi?" Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni meseji ya tatu mwezi huu, zote za wanafunzi wa ukutubi, wawili wa huku Tanzania na mmoja wa Kenya, na wote wamekwama palepale: wanataka kuandika kuhusu mkutubi mkuu wa jimbo kule Marekani ila hawajui wamshike yupi kati ya wa Sacramento (California), Austin (Texas) na Albany (New York). Nimechoka kujibu kwa vipande vipande kwenye simu, bora niyaweke yote hapa mara moja alafu kila mtu achukue linalomfaa.

Kwanza tuelewane ofisi yenyewe ni ipi, maana kuna watu wanadhani ni yule mkubwa wa Maktaba ya Bunge pale Washington. Hapana. Yule ana maktaba kubwa kweli ila hana mamlaka juu ya maktaba ya kata huko Texas. Kila jimbo lina ofisi yake ya maktaba na bosi wake. Nyingi zilianza kama kabati la vitabu vya sheria kwa ajili ya wabunge wa jimbo na majaji, basi, mwananchi wa kawaida hakuwemo kwenye hesabu. Mwishoni mwa karne ya 19 ndio zikaanza kutoka nje, kupeleka vitabu vijijini na kusaidia miji ianzishe maktaba zake. Kisha 1956 ikaja sheria ya serikali kuu iliyotoa pesa za maktaba za vijijini, yaani sehemu zenye watu chini ya 10,000, na hizo pesa zikawa zinapita kwa ofisi ya maktaba ya jimbo. Hapo ndio kiti kikawa kizito, sababu anayegawa hela hata kama hajaomba heshima ataipata. 1964 pesa zikafika mijini na kwenye majengo pia, 1996 utaratibu ukabadilishwa tena na kuwekwa chini ya shirika la shirikisho la makumbusho na maktaba, na Machi 2025 Rais Trump akatoa amri shirika hilo lipunguzwe mpaka kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inaruhusu, majimbo mengi yakakimbilia mahakamani. Kwa hiyo mada iko hai, haijafa, supavaiza asikwambie ni historia ya zamani.

Sasa vigezo. Mimi natumia vinne, na nitavitumia sawa kwa majimbo yote matatu ili asije mtu akasema nimependelea:

Kiti kilizaliwaje.
Nani anamteua, na muhimu zaidi nani anaweza kumtoa.
Mezani kwake kuna nini, hasa je nyaraka za serikali ziko kwake au kwa mwingine.
Vyanzo, yaani wewe uliyeko Bagamoyo au Eldoret na bando la wiki unaweza kuvipata bila kupanda ndege.

Cha pili ndio roho ya jambo lote kwa maoni yangu. Wanafunzi wengi wanaandika kurasa kumi za "majukumu ya mkutubi wa jimbo", wanakopi orodha kutoka kwenye sheria, na mwisho zote zinafanana tu kama sare za shule. Ukiuliza nani anaweza kumfukuza huyu mtu na kwa kosa gani, ndio unaona majimbo yanaachana.

CALIFORNIA (Sacramento)

Kiti kilizaliwaje. Maktaba ya jimbo ilianzishwa kwa sheria Januari 1850, na California yenyewe ikaja kukubaliwa rasmi kuwa jimbo Septemba ya mwaka huohuo, yaani maktaba imelitangulia jimbo. Miaka ya mwanzo hapakuwa na mkutubi kabisa, Katibu wa Jimbo ndio alikuwa anaishika kazi hiyo juu ya kazi zake nyingine mpaka 1861. Lakini historia inayonoga inaanza 1899 alipoingia James Gillis. Huyu bwana hakuwa mkutubi, alikuwa mtu wa reli, kaanza kazi reli akiwa kijana mdogo kisha akaingia kwenye siasa za Sacramento. Ungetegemea aharibu, wapi, akaona kwamba miji ina maktaba na mashamba hayana kitu, akapigania sheria ya maktaba za kaunti, ikapita 1909 na kuandikwa upya 1911. Akamtuma Harriet Eddy azunguke jimbo zima kuwashawishi madiwani wa kaunti mmoja mmoja. Matawi yakawekwa popote penye watu: dukani, posta, shuleni, sebuleni kwa mtu. Gillis akakaa kwenye kiti mpaka 1917, na binti yake Mabel Gillis, aliyekuwa amefanya kazi humohumo miaka mingi, akaja kukishika kiti hichohicho 1930 mpaka 1951, mwanamke wa kwanza California.

Katikati ya baba na binti kuna mtu anaitwa Milton Ferguson, na huyu nawaomba mmwangalie vizuri kwa sababu alifika kwetu. Shirika la Carnegie, la misaada la kule Marekani, lilimtuma mwishoni mwa miaka ya 1920 akague hali ya maktaba Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya, na ripoti yake ikatoka 1929. Yaani mkutubi wa jimbo la California ametembea Kenya ya kikoloni akiandika nani ana vitabu na nani hana! 1931 Nairobi ikafunguliwa maktaba ya McMillan, ambayo pesa za Carnegie nazo ziliisaidia, na kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa wa Wazungu tu. Mkenya unayesoma hapa, huo uzi uko wazi kabisa, mtu auvute.

Nani anamteua na kumtoa. Gavana, kwa kuthibitishwa na Seneti ya jimbo, na anakaa kwa ridhaa ya gavana. Akimchoka ni asante na kwaheri. Uzuri wake ni kwamba mkutubi ana njia ya kufika kwa mkubwa na bajeti inasikika, ubaya wake mnaujua. Wakati mwingine gavana anachagua mtu wa nje ya fani: 2014 Gavana Jerry Brown alimteua Greg Lucas, mwandishi wa habari za siasa, wakutubi wakapiga kelele kweli kwamba hana digrii ya ukutubi. Kabla yake Kevin Starr, mwanahistoria maarufu wa California, alikikalia kiti kutoka 1994 mpaka 2004, ila yeye ukutubi alikuwa amesomea.

Mezani kwake. Kitengo cha historia ya California, maktaba ya sheria, maktaba ya Sutro iliyoko San Francisco, vitabu vya nukta nundu na vya kusikiliza kwa wasioona, utafiti kwa ajili ya gavana na wabunge, na kugawa ruzuku. Nyaraka za serikali HAZIPO kwake, ziko kwa Katibu wa Jimbo. Wanafunzi wengi wanakosea hapa.

Vyanzo. Rahisi. Gillis alianzisha jarida la taarifa za maktaba 1906 na matoleo ya zamani yameskaniwa, unasoma bure. Takwimu za kila kaunti, ripoti za Eddy na wenzake, mpaka ajira na likizo za watumishi zimo. Ni kavu kidogo kusoma, ukisinzia usinilaumu.

Inamfaa nani: anayetaka kuandika kuhusu huduma kufika vijijini, au uhusiano wa siasa na fani, au huo uzi wa Carnegie na Afrika.

TEXAS (Austin)

Kiti kilizaliwaje. Texas ilikuwa nchi inayojitegemea kabla ya kuingia Marekani, na 1839 bunge la jamhuri hiyo lilitenga pesa za maktaba ya taifa. Baadae ikaishi maisha ya yatima, ikihamahama kutoka idara moja kwenda nyingine, na Novemba 1881 jengo la bunge likaungua na vitabu vingi vikaenda. 1909 ndio ikapata sheria yake yenye kichwa na miguu, ikaundwa tume ya maktaba na historia, na Ernest Winkler akawa mkutubi wa jimbo chini ya tume hiyo.

Nani anamteua na kumtoa. Hapa ndio patamu. Gavana hamteui mkutubi moja kwa moja. Anateua makamishna wa tume, siku hizi saba, wa miaka sita sita kwa zamu ili gavana mmoja asiwabadili wote kwa mkupuo, Seneti inawathibitisha, na tume ndio inaajiri mkurugenzi na mkutubi. Kwenye karatasi ni ukuta mzuri kati ya siasa na maktaba. Ila karatasi ni karatasi. 1915 Winkler, mtu aliyekuwa anaipanga historia ya Texas kwa mikono yake, akaondolewa kwa mkono wa Gavana James Ferguson (huyu hana uhusiano na Milton wa California, msije mkawachanganya kwenye vaiva, siku ya kutetea tasnifu). Tume ilikuwepo, na bado akaondoka. Ferguson mwenyewe naye akaja kushtakiwa na kuondolewa madarakani 1917 kwa mambo mengine, ugomvi wake na chuo kikuu ukiwa mkubwa zaidi, na 1918 tume ikamchukua Elizabeth Howard West, mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya serikali ya jimbo la Texas. Hebu piga picha: Texas, 1918, mwanamke, kwenye kiti ambacho miaka mitatu nyuma mtu aling'olewa kisiasa. Kama unatafuta sura ya tatu ya tasnifu yako ndio hiyo imekukalia mbele.

Mezani kwake. Kila kitu, karibu. Jina la sasa ni Tume ya Maktaba na Nyaraka ya Jimbo la Texas na linajieleza: maktaba, nyaraka za kihistoria, na usimamizi wa kumbukumbu za ofisi za serikali, yaani hata lile swali la "faili hili tulitunze miaka mingapi" ambalo huku linaishia masijala, kule linarudi kwake. Barua ya Travis, kamanda wa wapiganaji wa Texas, aliyoiandika Februari 1836 akiwa amezingirwa kwenye ngome ya Alamo wanaitunza wao. Kuna kituo kingine mji wa Liberty, kuna vitabu vya kusikiliza, kuna mtandao wa maktaba kushirikiana hifadhidata za kulipia ili kila moja isilipe peke yake. Huyu mkutubi ana kofia nyingi, na mimi naona hiyo ni nguvu na ni mzigo kwa wakati mmoja, sababu bajeti ikikatwa zote zinaumia pamoja.

Vyanzo. Nzuri sana kwa watu na matukio, Jumuiya ya Historia ya Jimbo la Texas ina ensaiklopidia yao mtandaoni ya bure na wakutubi hawa wana makala zao humo. Kwa takwimu za huduma utafanya kazi kidogo zaidi.

Inamfaa nani: wa nyaraka na kumbukumbu, na yeyote anayetaka kujua kama bodi inamlinda kweli mtendaji au ni pazia tu.

Nikiwa hapo kwenye kung'olewa nichomekee Alabama, haipo kwenye ulinganisho ila ukiiacha unapunjika. 1959 bosi wa huduma za maktaba za jimbo lile alikuwa Emily Wheelock Reed. Kulikuwa na kitabu cha picha cha watoto, sungura mweupe na sungura mweusi wanafunga ndoa, basi, hakuna kingine humo. Seneta mmoja wa jimbo akaja juu kwamba kinahubiri kuchanganya rangi na kinapaswa kuchomwa. Reed akakiweka rafu ya akiba, hakukitoa kwenye mkusanyiko, maktaba yoyote iliyokiomba ilipewa. Wakamwita mbele ya wabunge, wakamuuliza na kumuuliza, na mwaka uliofuata akaondoka kwenda kufanya kazi Washington. Sungura wawili! Kila nikifundisha mada ya udhibiti wa vitabu naanzia hapo.

NEW YORK (Albany)

Kiti kilizaliwaje. Ya zamani kuliko hizo mbili, 1818. Ikawa kubwa na ya kitaaluma mapema, na 1889 akaja mtu ambaye jina lake mnalitaja kila siku bila kufikiri: Melvil Dewey. Ndio, yule wa namba za kupanga vitabu maktabani. Yule ambaye kwake Kiswahili ni 496.392, tumesukumwa kule mwisho kwenye "lugha nyinginezo" pamoja na nusu ya dunia. Dewey alipofika Albany alikuja na shule yake ya ukutubi aliyokuwa ameianzisha chuo cha Columbia, wanafunzi wengi wakiwa wanawake jambo ambalo wakubwa wa Columbia hawakulipenda, na miaka michache baadae akaanzisha maktaba za kusafiri, makasha ya vitabu yanayotumwa vijijini kwa treni na kurudishwa kubadilishwa. (Tuliosikia habari za maktaba ya ngamia ya Garissa iliyoanza 1996, wazo ni lilelile, usafiri tu umebadilika.)

Ila ukimchagua Dewey mchague mzima. Alikuwa na klabu ya mapumziko kule Lake Placid iliyokuwa haipokei Wayahudi, viongozi wa Kiyahudi wa New York wakadai aondolewe, 1905 akakaripiwa hadharani na akaachia ngazi. Chama cha maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye medali yao 2019.

Na kuna moto. Usiku wa kuamkia 29 Machi 1911 jengo la bunge la Albany liliungua, maktaba ikiwa ndani. Vitabu kama 450,000 na maandishi ya mkono kama 270,000 vilikwenda, na mlinzi wa usiku, mzee Samuel Abbott, akafia humo. Kinachouma zaidi ni kwamba jengo jipya la maktaba lilikuwa linajengwa jirani tu na likafunguliwa mwaka uliofuata.

Nani anamteua na kumtoa. Hapa kuna ngazi nyingi. Maktaba iko chini ya Idara ya Elimu ya jimbo, idara iko chini ya Bodi ya Rejenti, wasimamizi wa elimu ya jimbo, yenye watu 17 wanaochaguliwa na bunge la jimbo kwa miaka mitano, na bodi hiyo ina mizizi toka 1784. Kwa hiyo gavana yuko mbali. Mkutubi wa jimbo hapa ni kamishna msaidizi ndani ya idara, cheo cha mtumishi wa elimu, sio cha mwanasiasa. Sasa mtu asiseme New York ndio salama, kwani Dewey aliondokaje? Rejenti haohao ndio waliomkaripia. Tofauti ni kwamba huku pressure ilitoka kwa wananchi waliobaguliwa, Texas ilitoka kwa gavana, na hizo mbili usizipime kwa mizani moja.

Mezani kwake. Maktaba ya utafiti, maktaba ya wasioona, ruzuku, na kusimamia mtandao wa mifumo ya maktaba ya jimbo zima. Idara na Rejenti wanatoa hati za kuanzisha maktaba na vyeti vya wakutubi wa umma, yaani wanaamua nani anaitwa maktaba na nani anaitwa mkutubi. Nyaraka za jimbo ni idara jirani, ziko jengo moja la Cultural Education Center ila bosi tofauti.

Vyanzo. Ripoti za mwaka za karne ya 19 zimeskaniwa nyingi, na karatasi za Dewey ziko Columbia. Shida ni wingi, Dewey ameandikwa na kila mtu, utasoma mpaka ukome na kupata jipya la kusema ni kazi.

Inamfaa nani: anayependa mambo ya viwango vya taaluma, elimu ya ukutubi, kinga dhidi ya majanga (huo moto pekee unatosha tasnifu), au maadili ya waasisi wa fani.

Sasa kwetu hizi zinagusa wapi? Tanzania tulianza na sheria ya 1963, Maktaba Kuu pale Dar ikafunguliwa na Mwalimu Desemba 1967, na sheria ya 1975 ndio inayoiongoza BOHUMATA (Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania), bodi moja kwa nchi nzima. Kimuundo hapo kuna harufu ya Texas, bodi juu mtendaji chini, ila hakuna majimbo. Uganda walikuwa na bodi toka 1964 na 2003 wakapata sheria ya maktaba ya taifa, huku maktaba za umma zikibaki kwa serikali za mitaa. Kenya ndio wanakaribia zaidi mjadala wa Marekani: sheria ya KNLS (Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya) ni ya 1965, bodi ya taifa, ila katiba ya 2010 imetaja maktaba kwenye kazi za kaunti, kwa hiyo swali la nani amwajiri mkutubi wa kaunti, gavana au bodi, kwao ni swali la mshahara wa mwezi huu.

Kwa hiyo, nikijibu zile meseji:

Wewe wa Kenya unayeandika kuhusu ugatuzi, chukua California kwa sababu ya sheria za kaunti za 1909 na 1911, alafu weka Texas pembeni kama mfano wa bodi. Usiongeze la tatu, utazama.

Wewe uliyesomea kumbukumbu na nyaraka ukaja kuongezea ukutubi, Texas, usihangaike. Ndio kati ya haya matatu unapokuta fani zako mbili zikiwa na bosi mmoja.

Wewe wa digrii ya kwanza mwenye miezi minne na bando la kuungaunga, California au moto wa Albany, sababu vyanzo vya kuanzia viko wazi na mada inafungika.

Wewe wa uzamili mwenye kupenda mabishano, Dewey. Ila nenda na swali lako mwenyewe, sio wasifu wake, wasifu upo wa kutosha.

Anayetaka kulinganisha na BOHUMATA moja kwa moja, anzia Texas 1915, soma kuondolewa kwa Winkler, kisha kaisome sheria yetu ya 1975 kifungu kwa kifungu ukijiuliza swali hilohilo la nani anaweza kumtoa nani.

Na kama taito imekataliwa kwa sababu supavaiza hapendi mada za Marekani kabisa, basi chukua ile safari ya Milton Ferguson. Hapo huandiki Marekani, unaandika Kenya ya 1929, na hawezi kukukatalia. Mimi binafsi moyo wangu uko Texas, ila mimi sio ntakayesimama kwenye vaiva yako.